Kabla Hamjaiachia Hati, Tusomeeni Mkataba

Barua ya wazi kwa viongozi wa TFF, ZFF na vilabu vyetu vya Bara na Visiwani

Waheshimiwa viongozi,

Kabla sijatimiza miaka 23 nilikuwa nimeshatia sahihi karatasi tatu za kazi, zote za Kiarabu. Ya kwanza ilinipa klabu. Ya pili ilinipunguzia mshahara, nami nikidhani inaniongezea. Ya tatu ilisema nimeshalipwa haki zangu zote, na fedha zenyewe hadi leo sijazitia mkononi.

Herufi nilizijua. Kama watoto wengi wa Ng'ambo, nilikhitimu Msahafu chuoni nikiwa bado skuli ya msingi, na karatasi zile niliweza kuzifuata kwa kidole mstari hadi mstari. Lakini hazikuwa na irabu, na maneno yake hayakuwa yale niliyoyazoea. Nilitambua neno la mwezi, nikatambua tarakimu, nikalitambua jina langu. Aliyekaa upande wa pili wa meza akaniwekea kidole pale pa kusaini. Nikasaini.

Nawaandikia kwa sababu upo mlango mmoja ambao ufunguo wake mnao nyinyi. Mchezaji wa Tanzania hawezi kusajiliwa nchi nyingine mpaka hati yake ya uhamisho wa kimataifa, ile ITC, itoke shirikisho la nyumbani kwenda shirikisho la huko. Sisi wa Visiwani nasi hati zetu hupitia Dar es Salaam, kwa kuwa Zanzibar si mwanachama wa FIFA. Wakala anaweza kukwepa mengi: mzazi, kocha, hata klabu iliyomlea kijana. Mlango huu haukwepi. Kila kijana anayeondoka kihalali hupita kwenu, na jina lake hubaki kwenye kompyuta zenu.

Ombi langu ni kwamba anapopita hapo, akute mtu wa kumsomea mkataba wake kwa Kiswahili. Hamkunikosea, na barua hii si ya kuwashitaki. Lakini nataka mjue maisha yanayoanza baada ya hati ile kutoka, kwa sababu yale ya Mbwana Samatta kila mtu anayajua: TP Mazembe, kisha Genk mwaka 2016, kisha Aston Villa mwaka 2020. Yetu sisi wa madaraja ya chini hayaandikwi.

Mimi ni kiungo mkabaji. Nimecheza misimu mitatu Oman katika daraja la kwanza, ambalo ni ngazi ya pili, chini ya ligi kuu yao. Wakala aliniona katika mechi ya jioni pale uwanja wa Mao, Kikwajuni, akanifuata nikiwa bado nafungua kamba za viatu. Alikuwa mtu mwenye adabu, alimwamkia mama yangu vizuri, alikunywa chai yetu. Wiki tano baadaye nilikuwa ndani ya ndege ya kwenda Muscat na begi moja, jozi mbili za viatu na kopo la achari ya embe.

Klabu yangu ya kwanza ilikuwa katika mji mdogo wa pwani ya Al Batinah, kati ya Muscat na Sohar. Upande mmoja bahari, wavuvi na dagaa walioanikwa mchangani. Upande wa pili barabara kuu na mashamba ya mitende. Jina lake silitaji, kwa sababu bado nina kazi nchi ile, na kwa sababu wenzangu waliocheza kwingine wamenisimulia mambo yale yale. Tulikaa wageni wanne katika fleti ya vyumba viwili, juu ya duka la chai la Wahindi wa Kerala: mimi, beki wa Ivory Coast, mshambuliaji wa Ghana na winga wa Brazil. Lugha yetu ilikuwa Kiingereza cha kuokoteza, Kifaransa cha yule beki, na mikono.

Watu huniuliza kama mazoezi ya kule ni magumu. Mazoezi ndiyo yaliyokuwa rahisi. Wachezaji wenyeji wa daraja lile wana kazi zao mchana. Wapo polisi, wanajeshi, walimu, makarani wa serikali. Kwa hiyo timu ilikutana saa moja na nusu usiku, baada ya Magharibi, ikamaliza saa tatu. Baada ya hapo mwenzangu wa upande wa kulia alipanda gari lake akarudi kwa mke na watoto, akaamka alfajiri kwenda kituoni kwake. Sisi wageni tulipanda ngazi tukarudi chumbani kusubiri saa moja na nusu ya kesho.

Hakuna aliyenitahadharisha kuhusu kusubiri huko. Mwezi wa Septemba unyevu wa bahari ulinitoa jasho nikiwa nimesimama tu, na ikifika Mei joto hupita nyuzi 40, mitaa ikatulia kabisa kuanzia adhuhuri hadi alasiri. Mwaka wa kwanza niliingia katika kulala mchana na kukesha na simu, nikaona mwili unalegea na moyo unaufuata. Nikajiwekea utaratibu: baada ya sala ya alfajiri nakimbia ufukweni kabla jua halijapanda, kilomita tano kwenda na kurudi. Wavuvi wakanizoea. Wakawa wananirushia samaki mmoja mmoja, nami nikipita dukani kwa Mhindi nachukua tui la kopo, napika mchuzi wa samaki wa nazi kwa watu wanne. Klabu ilitulipia chakula cha mchana kwenye mkahawa mmoja, wali wa kuku, kila siku ya Mungu kwa miezi saba. Mghana alikuwa akisema mchuzi ule ndio unaomkumbusha kwamba ana mama.

Mwezi wa Ramadhani mazoezi yalianza saa nne usiku, baada ya tarawehe, na huo ndio mwezi nilioupenda kuliko yote. Futari watu walitualika. Mchezaji mmoja mwenyeji, askari, alitupitia na gari kila Alhamisi, sote wanne, na Mbrazili ambaye hakuwa Mwislamu naye alikalishwa kwenye sinia moja na sisi. Nayasema haya ili msije mkadhani naandika kuwasema watu wa Oman. Wema niliouona kule ni mwingi. Kilichoniumiza ni karatasi.

Na upo mchezo wenyewe. Uwanja wetu ulikuwa na watazamaji labda mia mbili siku nzuri, wamekusanyika jukwaa moja na ngoma zao, wanaimba dakika zote tisini hata timu ikiwa nyuma mabao matatu. Kwenda Salalah ni basi, kilomita zipatazo 1,000 kutoka Muscat tu, na sisi tuliongeza za kwetu. Jangwa kutwa, vituo vya mafuta, chai ya maziwa yenye iliki. Tulifika miguu imevimba. Kesho yake tukacheza, tukafungwa, tukapanda basi lile lile. Nilikaa dirishani usiku kucha nikiirudia pasi moja niliyoipoteza dakika ya 70. Mgeni katika timu ndogo hana pasi ndogo ya kupoteza. Mwenyeji akicheza vibaya atarudi kazini kwake Jumapili; mgeni akicheza vibaya mechi tatu, jina lake linaanza kuzungumzwa kwa mkato, na Januari usajili wa dirisha dogo uko karibu.

Sasa fedha. Mkataba wangu wa kwanza ulisema rial 350 kwa mwezi. Rial moja ni kama dola 2.6, kwa hiyo ni dola 910, zaidi ya shilingi milioni mbili za kwetu. Mtaani nilionekana nimetoka kimaisha. Hesabu ilikuwa hivi: 35 za wakala kila mwezi, 50 za kulipa deni la tiketi ambayo nilidhani klabu imenikatia, 120 kwa mama, 40 za skuli ya mdogo wangu, 70 za chakula cha usiku na sabuni, 15 za simu. Zilibaki 20. Kila tarehe ya mshahara nilikwenda duka la kubadilisha fedha nikapanga foleni na mafundi wa Bangladesh na madereva wa Pakistan, kila mmoja na bahasha yake na namba ya simu ya nyumbani iliyoandikwa kwa kalamu. Nilijiona mwenzao kuliko nilivyojiona mwenzake Samatta, na niliona fahari kuwa mwenzao.

Na si mimi peke yangu. Mwaka 2016 FIFPRO, muungano wa vyama vya wachezaji duniani, iliwauliza wachezaji karibu 14,000 katika nchi 54. Asilimia 45 walikuwa wakipata chini ya dola 1,000 kwa mwezi, na asilimia 41 walikuwa wamecheleweshewa mshahara katika misimu miwili iliyotangulia. Hivyo ndivyo mpira wa kulipwa ulivyo, waheshimiwa, na vijana wetu wengi wanaoondoka wanaingia humo.

Simu kutoka nyumbani hazikuwa na ubaya. Binamu alitaka mtaji wa bodaboda, maskani walitaka jezi, jirani alikuwa na mgonjwa hospitali ya Mnazi Mmoja. Sikuweza kumwambia mtu kwamba nina rial 20. Nilisema nitaangalia. Nikaanza kuogopa mlio wa simu, na hapo ndipo upweke ulipokuwa mkubwa zaidi, kwa sababu sauti zile ndizo nilizozitamani.

Mwezi wa Januari mshahara haukuja. Meneja wa timu alisema wiki ijayo inshallah, na naamini mwenyewe alikuwa akiambiwa hivyo hivyo na waliokuwa juu yake. Klabu za daraja lile hutegemea ruzuku na mifuko ya watu wachache. Februari nikachanika msuli wa nyuma ya paja katika mechi ya nyumbani, nikausikia kama kamba iliyokatika. Mshahara wa Februari haukuja. Machi haukuja. Mhindi wa duka la chai alianza kutuandika kwenye daftari lake, na Mwenyezi Mungu amlipe, hakuwahi kutuuliza tutalipa lini. Mama nilimwambia benki ina matatizo.

Nilipokwenda kuulizia ndipo nilipojulishwa ile karatasi ya pili. Siku niliposajiliwa nilipewa karatasi mbili. Wakala alinieleza kwamba ya kwanza ni mkataba na ya pili ni ya marupurupu, kwamba nikicheza vizuri kuna nyongeza. Kumbe ilisema kinyume chake: katika zile rial 350, mia moja nitazipata tu mwezi ambao nimeanza mechi tatu au zaidi. Mimi nilikuwa nikijihesabia rial 1,050 za miezi mitatu. Wao walihesabu 850, kwa kuwa tangu niumie sikuanza mechi yoyote. Tulibishana juu ya hiyo tofauti ya mia mbili kwa nusu saa, kwa Kiingereza ambacho hakikuwa cha kwetu sote wawili, na mwisho sikupata 1,050 wala 850.

Aprili nilitaka kurudi nyumbani nikautibu mguu. Waliniita ofisini. Tiketi ilikuwa mezani, na chini ya tiketi ilikuwapo karatasi ya tatu. Niliambiwa ni ya kumalizana, ili klabu nyingine ikinitaka nisikwame. Nilikuwa nimechoka, nachechemea, sijamwona mama miezi minane. Nilisaini nikachukua tiketi.

Agosti mjomba wa rafiki yangu, mwalimu wa Kiarabu, alinisomea barazani kwao. Alisoma kimya kwanza. Kisha akavua miwani akaniuliza kama sahihi ile ni yangu mwenyewe. Karatasi ilisema kwamba nimepokea mishahara yangu yote, kwamba sina dai lolote dhidi ya klabu, na kwamba tumeachana kwa hiari. Tulimwendea mwanasheria. Alisikiliza vizuri, hakutudai kitu, na alituambia kwamba mbele ya baraza lolote karatasi ile ndiyo itakayosomwa mwanzo.

Nimefika mahali ambapo ni pazito kwangu kupaandika.

Hatua kama hamsini kutoka fleti yetu alikaa bibi mmoja, mzaliwa wa Unguja. Aliondoka na wazazi wake akiwa msichana baada ya mwaka 1964, na miaka ya sabini, Sultan Qaboos alipowafungulia mlango, wakahamia Oman. Wapo wengi kama yeye kule, na Kiswahili chao ni kile cha wazee wetu. Nilikutana naye dukani kwa Mhindi, akanisikia nikimpigia mama simu. Akageuka. "Wewe mtoto wa wapi?" Nikamwamkia shikamoo, nikasema wa Ng'ambo. "Ng'ambo kubwa hiyo. Kikwajuni, Miembeni, wapi?" Tangu siku hiyo kila Ijumaa baada ya sala nilikwenda kwake, nikanywa kahawa na tende, akaniuliza habari za mitaa ambayo mingine haipo tena. Nikiwa na jeraha alinitumia mjukuu wake na mafuta ya kuchua.

Bibi yule alisoma Kiarabu kama anavyopumua, na Kiswahili ndicho alichoota nacho. Karatasi zangu zilikuwa ndani ya begi, hatua hamsini kutoka sebuleni kwake. Sikumpelekea. Niliona aibu kumtwisha mtu mzima mambo ya mshahara wangu, na nilimwogopa asije akanionea huruma. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi kuliko pasi yoyote niliyowahi kupoteza.

Mwaka uliofuata mguu ulipona, na klabu nyingine ya ukanda ule ule ikanitaka. Walinitumia mkataba kwenye simu. Safari hii nilimtumia bibi kupitia simu ya mjukuu wake. Usiku huo alinirudishia ujumbe wa sauti kumi na moja. Alisoma kifungu kwa kifungu, kwanza kwa Kiarabu, kisha "maana yake, mwanangu," kisha maoni yake. Mshahara uko hapa, tarehe ya kulipwa haiko, waulize. Nyumba iko, tiketi iko ya kwenda, ya kurudi haiko, waulize. Alipofika kifungu cha saba alinyamaza kidogo, nikasikia kikombe. "Hapa wanasema ukiumia ukakaa siku 30 hujacheza, wanaweza kukuachisha bila kukulipa. Hiki waambie wakiondoe."

Nikawaandikia. Tarehe ya mshahara wakaiweka, tiketi ya kurudi wakaiweka, kifungu cha saba wakakiondoa. Ilichukua siku moja. Hakuna aliyekasirika wala aliyesema nimekuwa mjuaji. Misimu miwili pale nimelipwa mishahara yangu yote, na mara moja tu ilichelewa, kwa siku nne, nao walinieleza sababu kabla sijauliza.

Tangu hapo nimejifunza mambo ambayo yangenifaa nikiwa na miaka 21. Kanuni za FIFA zinasema uhalali wa mkataba hauwezi kutegemea kufaulu vipimo vya afya wala kupatikana kwa kibali cha kazi. Mimi mwanzoni nilikaa wiki tatu bila malipo nikiambiwa mkataba haujaanza mpaka kibali kitoke. Zinasema klabu ikishindwa kulipa mishahara ya angalau miezi miwili, mchezaji anaweza kuvunja mkataba kwa sababu ya haki, mradi ameiandikia klabu kuidai na kuipa siku 15. Kuandika huko ndiyo siri yenyewe, maana wengi hukasirika wakapanda ndege, na kesho yake wao ndio wanaoonekana wametoroka kazini. Lipo baraza la FIFA la kuamua kesi hizi, lililoanza kazi kwa sura yake ya sasa Oktoba 2021, na mchezaji halipi ada kulifikia, ila asikae zaidi ya miaka miwili tangu jambo litokee. Na wakala anapaswa kuwa na leseni aliyoipata kwa kufanya mtihani wa FIFA. Nilikuja kumuuliza wa kwangu kuhusu leseni baadaye sana. Alikata simu.

Waheshimiwa, haya yote yanaelezeka kwa mtu katika muda wa chai moja.

Sisemi mzuie hati za watu. Kanuni hazitoi nafasi ya kumzuia mchezaji kwa sababu kama hii, na nisingependa kijana akose nafasi yake kwa ajili ya barua yangu. Nasema tu kwamba maombi ya hati yakishaingia, mpigieni simu mwenye hati. Mwambieni aje na nakala ya kila alichosaini na kila anachotakiwa kusaini, au aitume. Mtu mmoja aisome pamoja naye kwa lugha aliyonyonya, amwonyeshe tarehe ya mshahara, tiketi ya kurudi, kifungu cha majeraha, na amwambie kwamba karatasi ya kumalizana haisainiwi kabla ya fedha kuonekana. Zanzibar haijakosa wasomi wa Kiarabu. Wamejaa madrasani na vyuoni, na wengi wangeifanya kazi hii kwa thawabu tu. Wa Kifaransa na Kireno nao hawakosi Dar es Salaam. Chumba, meza, simu. Na simu hiyo iendelee kupatikana, kwa sababu karatasi ya tatu huja miezi minane baadaye, wakati kijana yuko mbali na hana wa kumuuliza.

Najua mna mengi. AFCON ya 2027 tunaipokea sisi na majirani zetu wa Kenya na Uganda, na viwanja, hoteli na barabara vinawasubiri. Lakini timu ya taifa hukusanywa pia kutoka kwenye fleti kama ile yetu. Mchezaji asiyelipwa hali vizuri, asiyekula vizuri huumia, na aliyeumia bila matibabu mnampata akiwa ameshapungua.

Nanyi viongozi wa vilabu vya mitaani, mliotununulia viatu vya kwanza, suala hili ni lenu pia. Kijana akiuzwa kwa ada kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hiyo hugawanywa kwa vilabu vilivyomlea kati ya miaka 12 na 23, na akisajiliwa mara ya kwanza kuwa mchezaji wa kulipwa ipo fidia ya malezi. Kijana aliyeondoka kimya kimya na mtu mwenye adabu, bila kumbukumbu zake kuandikwa sawasawa, haleti hata moja kati ya hizo. Klabu yangu ya Ng'ambo haikupata kitu. Nilipokwenda kuwaaga walinichangia nauli ya kwenda uwanja wa ndege.

Nimerudi kwa mapumziko, mkataba wangu mpya unaanza baada ya kiangazi cha huko. Mtaani kwetu yupo winga wa miaka 19, mguu wa kushoto, mwepesi kuliko mimi nilivyowahi kuwa. Ameshapiga picha za pasipoti. Juzi alinionyesha kwenye simu kurasa nne za Kiarabu, akaniuliza zinasemaje, nikaziangalia tena zile herufi ninazoweza kuzitamka. Bibi yangu wa Al Batinah amefariki mwezi wa Rajabu, Mwenyezi Mungu amrehemu, na mjukuu wake anasoma chuo Muscat, ana mitihani.

Nimemwambia kijana asisaini kwanza. Jumatatu asubuhi tutakuja naye ofisini, yeye na mama yake na hizo kurasa nne. Tutabisha hodi. Naomba tukute mtu wa kuzisoma.

Wenu,
Kiungo mkabaji
Ng'ambo, Unguja